Habari za Ned Kelly, na Mwalimu Aliyesimamisha Gari la Moshi

Jioni moja baada ya katekisimu tulitoka kanisani tukawakuta wavulana wetu uwanjani wakicheza mchezo tusioujua. Mmoja alikuwa amevaa kichwani debe tupu la mafuta, nao walikuwa wamelikata tundu moja jembamba mahali pa macho. Kifuani amejifunga kipande cha bati kwa kamba ya mkonge, na mkononi ana fimbo badala ya bunduki. Wenzake walimvurumishia vibunzi vya mahindi, navyo viligonga debe kwa kishindo, lakini yeye haanguki. Azidi kuwaendea polepole. Tukauliza, "Mchezo gani huu?" Wakajibu wote pamoja, "Ned Kelly, mwalimu!" Tukauliza tena ni akina nani walio polisi. Hapo wakatazamana. Polisi walikuwa wale wadogo kabisa, waliolazimishwa na wakubwa.

Kosa hilo lilikuwa letu. Majuma mawili kabla yake mvua ilitufungia darasani, watoto wamechoka, nasi katika kutafuta neno la kuwatuliza tukawasimulia habari za mnyang'anyi yule wa Australia, kama tulivyosimuliwa sisi wenyewe zamani, tulipokuwa wanafunzi wa bweni, na padre mmoja mzaliwa wa Ireland aliyetufundisha hesabu. Padre yule alizisimulia kwa jioni tatu, na jioni ya tatu alinyamaza kitambo kirefu kabla ya kumaliza. Sisi tulizisimulia kwa nusu saa. Tulichagua vazi la chuma, na bunduki, na benki. Mengine yote tukayaacha. Watoto nao wakachukua walichopewa. Basi leo twaandika ili deni lile tulilipe, kwa kuwa gazeti hili husomwa katika nyumba zao, na baba na mama wapate kusikia pia.

Tena liko jambo la pili. Mvulana yule aliyevaa debe ni mtoto ambaye baba yake yumo kifungoni. Hilo tutalirudia.

Baba yake Ned, jina lake John Kelly, alikuwa mtu wa Tipperary katika Ireland. Mwaka wa 1841 alipelekwa kwa meli mpaka kisiwa kiitwacho sasa Tasmania, kutumikia kifungo kwa kuiba nguruwe wawili. Maana ndivyo Waingereza walivyowafanya wafungwa wao wengi siku zile, kuwatupa ng'ambo ya dunia. Kifungo kilipokwisha alivuka bahari akaingia Victoria, akamwoa Ellen Quinn, binti wa Ireland kama yeye, wakapata watoto. Ned ndiye mwana wa kiume mkubwa. Watu wa namna hiyo katika nchi ile walikuwa wengi: maskini, Wakatoliki, wenye kumbukumbu chungu za kwao, na wenye kuwaona polisi kuwa ni watu wa bwana mkubwa, si watu wa raia.

Mwaka wa 1865 walikuwa wakikaa katika kijiji cha Avenel, na Ned angali mtoto wa shule. Mvulana mdogo wa miaka 7, jina lake Richard Shelton, alianguka katika kijito kilichojaa maji. Ned akajitosa, akamwopoa akiwa hai. Wazazi wa mtoto, waliokuwa na nyumba ya wageni pale kijijini, walimpa zawadi: mshipi mpana wa hariri, rangi ya kijani, wenye mashada ya dhahabu nchani. Twaomba wasomaji waukumbuke mshipi huo. Padre wetu alipofika hapa aliinua mikono akatuonyesha upana wake, na sisi wanafunzi tulicheka, kwani hatukujua mambo yatakavyokuwa.

Mwaka ule ule baba yake alifungwa kwa kukutwa na ngozi ya ndama asiye wake. Alitoka gerezani akiwa mtu aliyekwisha, na mwisho wa mwaka wa 1866 akafa, akimwachia mjane watoto saba. Ned alikuwa kama miaka 12. Akaacha shule.

Mama akahamia Greta, kaskazini zaidi, akapata kipande cha ardhi kisicho na rutuba. Sheria mpya ilikuwa imewaruhusu maskini kuchagua mashamba madogo katika nchi iliyokwisha kushikwa na mabwana wa mifugo, na mabwana hao hawakupenda. Wakazuia maji, wakashika ng'ombe wa maskini waliopotea, wakatoza faini. Twasoma habari za ugomvi huo kana kwamba ardhi ile ilikuwa na madai mawili tu. Lakini wenyeji weusi wa Australia walikuwapo kabla ya wote, na katika ugomvi wa maskini na tajiri hapana aliyewauliza. Msomaji wa Afrika haliruki jambo hili upesi.

Sasa sikilizeni jinsi jina la nyumba linavyoweza kumtangulia mtoto njiani. Mwaka wa 1869, Ned akiwa na miaka 14, alikamatwa kwa madai kwamba amemnyang'anya mchuuzi mmoja Mchina. Akawekwa ndani siku kumi, kisha kesi ikafutwa. Mwaka uliofuata alikamatwa tena, ati ni mwenzake mnyang'anyi mzee wa mwituni aitwaye Harry Power. Ushahidi haukutosha, akaachwa. Lakini hatutaki kumpaka chokaa. Mwaka huo huo alipata kifungo kwa kumpiga mtu na kumtumia mke wa mtu huyo kifurushi cha matusi. Mwaka wa 1871 akapata miaka mitatu kwa kupokea farasi wa wizi. Alipotoka, mwaka wa 1874, alifanya kazi ya halali ya kupasua mbao, na kwa muda hakusikika neno baya juu yake. Kisha akarudia wizi wa farasi, na hilo hakulikana mwenyewe.

Tarehe 15 Aprili 1878 askari mmoja, Alexander Fitzpatrick, alikwenda peke yake nyumbani kwa mama Kelly kumkamata Dan, mdogo wake Ned. Yaliyotokea ndani husimuliwa kwa njia mbili zisizopatana. Askari alisema Ned alimpiga risasi ya kifundo cha mkono. Akina Kelly walisema ndiye aliyeleta fujo. Mahakama ilimsadiki askari. Mama akahukumiwa miaka mitatu, akaingia gerezani na mtoto mchanga kifuani. Fitzpatrick naye alifukuzwa kazi ya polisi mwaka wa 1880 kwa mwenendo wake, lakini kufukuzwa kwake hakukumtoa mama gerezani.

Wasomaji wetu wengi hapa watakuwa upande wa Ned. Nasi tulikuwa upande wake. Padre alijua, ndiyo maana jioni ya pili alitupeleka moja kwa moja katika mwitu wa Stringybark, akatutajia majina matatu, akatutaka tuyakariri kama tunavyokariri amri: Kennedy, Scanlan, Lonigan.

Hao walikuwa polisi, nao wote watatu ni wana wa Ireland. Tarehe 26 Oktoba 1878 walikuwa wamepiga kambi mwituni, wakimtafuta Ned na Dan. Ned, Dan, na rafiki zao wawili, Joe Byrne na Steve Hart, wakawavamia. Lonigan aliuawa kwanza. Alikuwa na mke na watoto wanne. Scanlan akauawa. Sajini Kennedy alipigana akirudi nyuma mti kwa mti mpaka akaanguka amejeruhiwa, na Ned akamwua pale alipolala, akisema baadaye kwamba alifanya hivyo kwa huruma asije akateseka. Akamfunika kwa joho. Tena akamtwaa saa yake ya dhahabu. Askari wa nne, McIntyre, alipata farasi akakimbia, ndiye aliyeleta habari. Kennedy aliacha mjane na watoto watano.

Joho na saa: mambo hayo mawili yalifanywa na mikono ile ile, katika jioni moja. Tangu siku tulipoyasikia hatujaweza kuyatenganisha.

Baraza la Victoria likatunga sheria mpya haraka, na katikati ya Novemba wale vijana wakatangazwa kuwa watu walio nje ya sheria. Maana yake, mtu yeyote aweza kuwapiga risasi bila kuwaamuru wajisalimishe, naye asishtakiwe. Na yeyote awapaye chakula au kuwaficha, afungwe miaka mingi. Kwa muda wa karibu miezi ishirini hawakushikwa. Desemba 1878 waliingia mji wa Euroa wakachukua paundi zaidi ya 2,000 katika benki. Februari 1879 wakaingia Jerilderie, katika New South Wales, wakawafungia polisi ndani ya mahabusu yao wenyewe, wakavaa nguo zao, wakatwaa benki paundi kama 2,000 nyingine. Ned akachoma hati za madeni zilizokuwamo, na kwa ajili ya moto huo maskini walimpenda kuliko kwa jambo lolote. Pale pia aliacha barua ndefu, maneno yapatayo 8,000, iliyoandikwa na Joe Byrne kwa imla yake, akitaka ichapwe watu waisome. Haikuchapwa, wasomaji wa magazeti waliiona mwaka wa 1930, yeye akiwa amekufa miaka hamsini. Tumeisoma. Imo ndani yake haki iliyodhulumiwa, na imo hasira isiyo na kifani, na matisho ambayo mtu mwenye akili timamu hayaandiki. Mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 12 alikuwa na neno la kusema, wala hapakuwa na mlango wa kulisemea ila mlango wa benki.

Fedha za kuwakamata zikapanda zikafika paundi 8,000. Serikali iliwakamata watu zaidi ya ishirini walioshukiwa kuwa rafiki zao, ikawaweka ndani, wengine miezi kadha, bila ushahidi. Hilo liliwaongezea Kelly marafiki. Wakaletwa pia wenyeji weusi kutoka Queensland, mafundi wa kufuata nyayo, na Ned aliwaogopa hao kuliko askari wote wa Victoria.

Basi wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Joe Byrne alikuwa na rafiki wa utoto, Aaron Sherritt, waliosoma naye na kuiba naye. Sherritt alianza kupokea fedha za polisi. Jumamosi usiku, tarehe 26 Juni 1880, mtu aliyemfahamu aliitwa mlangoni kwake kana kwamba amepotea njia; Sherritt akafungua, na Joe Byrne akampiga risasi mbele ya mke wake na mama mkwe wake. Ndani ya nyumba walikuwamo askari wanne waliowekwa kumlinda. Hawakutoka. Walikaa chumbani mpaka kulipokucha.

Na woga huo ndio uliovuruga shauri la Kelly, kwani alikuwa ametega. Alijua kwamba habari za kifo zikifika mjini, gari la moshi lililojaa polisi litakuja mbio usiku ule ule. Akaenda Glenrowan, akawalazimisha mafundi wa reli kung'oa vyuma vya njia mahali penye kona, juu ya bonde, mbele kidogo ya stesheni. Gari likija lipinduke. Lakini kwa sababu askari wale wanne walijificha, habari zilichelewa, na gari halikuja. Jumapili nzima Kelly alingoja, akiwakusanya watu wa kijiji katika nyumba ya wageni ya mama mmoja, Ann Jones, hata wakafika kama 60, wanawake na watoto wakiwamo. Wakanywa, wakacheza ngoma, wakashindana kuruka. Wengine walimpenda kweli.

Karibu yao walikuwa wamehifadhi mavazi ya chuma. Chuma hicho kilitoka katika plau, majembe yale yakokotwayo na wanyama. Ni lile bao pana ligeuzalo udongo. Walikipasha moto wakakifua kuwa vifuniko vya kifua, mgongo na kichwa. Vazi la Ned lilikuwa na uzito wa kilo 44 hivi. Kila mkatekumeni ajua ono la nabii Isaya juu ya panga na majembe; hawa waliliendea kinyume.

Miongoni mwa waliokamatwa siku ile alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, Thomas Curnow, kijana mwenye kilema cha mguu. Alikuwa akitembea kwa gari la farasi na mke wake, dada yake na mtoto wao mchanga. Ninyi walimu, someni hapa polepole. Mtu huyu hakuwa na bunduki. Aliposikia kwamba reli imeng'olewa, alianza kutafuta njia ya kutoka, na njia yake ilikuwa hila. Alipoalikwa kucheza, alisema viatu vyake havimfai kwa mguu wake, aruhusiwe kwenda shuleni kuleta vingine; hakufaulu. Akajipendekeza kwa Kelly, akamdokezea kwamba mkuu wa stesheni ana bastola, ili aaminiwe. Akasema mke wake hawezi. Mwisho, Jumapili usiku sana, Kelly akamwacha aende nyumbani, akimwambia alale kimya wala asiote ndoto kwa sauti.

Mke wake alimsihi asitoke tena. Yeye alichukua mshumaa, na kiberiti, na kitambaa chekundu cha shingoni cha dada yake. Akaenda akichechemea kando ya njia ya reli, gizani, katika baridi ya Juni ambayo kwao ni majira ya baridi, akijua kwamba akionekana atauawa, na nyumba yake pamoja naye. Kama saa tisa za usiku akasikia mlio. Akawasha mshumaa akaushika nyuma ya kitambaa, mwanga ukawa mwekundu, na injini iliyotangulizwa mbele ya gari ikapunguza mwendo, ikasimama. Ndani ya gari walikuwamo polisi, wafuata nyayo wa Queensland, waandishi wa magazeti, na wanawake wawili.

Vita vya nyumba ya Ann Jones havihitaji kusimuliwa kirefu. Watoto wetu wavijua sana. Joe Byrne alikufa ndani akiwa ameshika kikombe. Lakini katika michezo hakuna anayekuwa mtoto wa Ann Jones, mvulana wa miaka 13, aliyepigwa na risasi ya polisi ndani ya nyumba ya mama yake. Watu watatu wasio na kosa walikufa kwa majeraha ya siku ile. Ned mwenyewe alikuwa amekwisha kutoka usiku, amejeruhiwa, naye angeweza kwenda zake. Kulipopambazuka alirudi, kwa ajili ya ndugu yake. Askari waliona kitu kirefu kisicho na uso kikitoka katika ukungu nyuma yao, kikigonga bastola juu ya kifua chake, na risasi zikiruka. Wengine walidhani ni shetani. Kisha Sajini Steele akaelewa, akampiga miguu, kwa maana chuma hakikufunika miguu.

Walipomfungua vazi lile wakamkuta amevaa ndani yake, kiunoni, mshipi wa hariri ya kijani wenye mashada ya dhahabu. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu kijito cha Avenel. Mshipi huo upo hata leo katika nyumba ya makumbusho ya mji wa Benalla, na madoa ya damu yamo.

Kwa jambo hili Padre wetu alinyamaza. Mtu alikuja kupindua gari lililojaa watu, naye amejifunga zawadi ya kuokoa mtu.

Alikuwapo Glenrowan padre mwingine, Matthew Gibney, msafiri tu, aliyeteremka katika gari la moshi aliposikia habari. Alimkuta Ned amelazwa stesheni, akamwungamisha, akampaka mafuta matakatifu. Alimwambia atamke dua fupi ya kumwomba Yesu huruma. Ned akajibu kwamba si leo alipoanza kuitamka. Alasiri polisi wakatia moto nyumba ya wageni, ambamo walidhani Dan na Steve wangali hai. Padre Gibney hakungoja ruhusa. Aliingia katika moto mbele ya macho ya watu mia kadha, akitafuta mtu wa kumpa sakramenti. Aliwakuta wote wamekufa, vijana wawili wamelala pamoja. Baadaye mtu huyo akawa Askofu wa Perth, lakini sisi twamkumbuka kwa mlango ule.

Ned alipona akahukumiwa Melbourne, mwezi wa Oktoba, mbele ya Jaji Redmond Barry, yule yule aliyemfunga mama yake. Jaji alipomtakia roho yake rehema ya Mungu, Ned alimjibu kwamba wataonana huko aendako. Alinyongwa tarehe 11 Novemba 1880, akiwa na miaka 25, ingawa watu zaidi ya 30,000 walitia sahihi kumwombea asinyongwe. Jaji akafa siku kumi na mbili baadaye. Twawaonya wasomaji wasilifanye hilo kuwa hukumu ya mbinguni, kama tulivyofanya sisi bwenini kwa kelele nyingi. Alikuwa mzee, na mgonjwa.

Mama yake alikuwa gerezani humo humo, akitumikia kifungo chake. Waliruhusiwa kuonana kabla. Kisha siku ile alikuwa ndani ya kuta zile zile mwanawe aliponyongwa. Aliishi mpaka 1923. Mifupa ya Ned ilikaa katika ardhi ya magereza miaka zaidi ya 130, mpaka wataalamu walipoitambua mwaka wa 2011 kwa kuilinganisha na damu ya mzao wa dada yake. Januari 2013 ikasomwa Misa ya wafu Wangaratta, akazikwa Greta, alipozikwa mama yake.

Hayo yote tuliwasimulia wavulana wetu upya, kwa jioni tatu, kama tulivyosimuliwa. Jioni ya mwisho mkubwa mmoja akasema kwamba mwalimu Curnow alikuwa mdokezi tu, sawa na Sherritt, naye alipewa fedha. Ni kweli alipewa: paundi 550, kisha zikaongezwa zikafika 1,000. Darasa likapiga kelele, wengine hivi, wengine hivi. Tuliwaacha wabishane, kwa maana sisi nasi tumebishana na nafsi yetu. Twaishi katikati ya watu. Twajua ni nani apikaye pombe ya gongo na ni ng'ombe wa nani alala zizi lisilo lake, na watoto wao twawafundisha kusoma. Siku nyingine twanyamaza, na hatujui kila mara kama kunyamaza kwetu ni upendo au ni woga.

Ndipo mvulana yule wa debe, ambaye hakuwa amesema neno jioni zote tatu, akauliza, "Jumatatu ile mwalimu alirudi kufundisha?"

Tukamwambia hapana. Watu waliompenda Kelly walikuwa wengi mno mahali pale. Alihamishiwa Ballarat, akafundisha huko hata uzeeni, akafa mwaka wa 1922.

"Basi alihama," akasema, akatikisa kichwa kama mtu mzima.

Sasa lile jambo tulilosema tutalirudia. Miaka miwili iliyopita fedha za mishumaa ya Pasaka zilipotea katika sanduku. Walikuwamo watoto arobaini katika darasa la katekisimu. Tulimwita mmoja, huyu, tukamtoa mifuko nje mbele ya wenzake. Hakulia. Baada ya siku tano tulizikuta fedha katika kitabu cha ubatizo, tulimoziweka kwa mkono wetu wenyewe. Tulimwambia faraghani kwamba zimeonekana. Kwa wenzake hatukusema kitu, nao wengi waliendelea kumwona mwizi mwana wa mwizi. Ndiyo maana, twadhani, alipewa debe bila kugombewa.

Jioni ile tulisimama mbele ya darasa lote tukasema fedha zilikuwa wapi, na ni nani aliyeziweka, na kwamba tulimwita yeye kwa sababu ya baba yake wala si kwa sababu nyingine. Tukamwomba radhi kwa jina lake. Yeye alitazama sakafu. Wenzake wakamtazama yeye, kisha wakatutazama sisi, na kwa muda hapakuwa na sauti ila mvua juu ya mabati.

Kesho yake debe lilikuwa mlangoni petu. Halifai tena kuchotea maji, kwa sababu ya lile tundu. Mama wa nyumbani mwetu amepanda mche wa ndimu ndani yake.